Gari ya Kwanza ya Binti Si Gauni la Harusi



Leo sina habari za hina wala za mitindo mipya ya mabuibui. Leo nataka tugombane kidogo, ugomvi wa kupendana, juu ya hizi gari tunazowanunulia mabinti zetu. Najua wapo watakaoninunia. Nuneni tu. Bora mninunie mimi kuliko tukutane hospitali.

Mimi ni mshonaji. Maharusi wanapita kwangu, na wakipita wanazungumza. Binti amemaliza skuli, ametimiza miaka 18, amechukua leseni, au ameposwa na mwezi wa harusi umekaribia, basi nyumba nzima inatafuta gari. Swali la kwanza linaloulizwa: rangi gani? La pili: siti zake za ngozi? La tatu, wallahi nimelisikia kwa masikio yangu: ikifungwa utepe itatoka vizuri kwenye picha? Sijasikia hata mama mmoja akiuliza breki zake zikoje.

Gauni la harusi binti analivaa usiku mmoja. Likikatika uzi tunatia pini, tunacheka, shughuli inaendelea. Gari ikikatika kitu barabarani hakuna pini ya kutia. Halafu anayeendesha ni mtoto ambaye hata mwaka mmoja wa usukani hana. Dereva mzoefu akisikia breki imebadilika anajua la kufanya. Mtoto anashituka, anakamata usukani kwa mikono miwili na kupiga ukelele. Kwa hiyo yeye ndiye anayestahiki gari nzima kuliko sisi sote, na yeye ndiye tunayempa ile iliyopakwa rangi juzi.

Nasema haya kwa sababu nimeyafanya mwenyewe. Mdogo wangu alipotimiza miaka 18 nilimnunulia gari kwa pesa za kushona Ramadhani mbili. Baba yetu ameshatangulia, Allah amrehemu, nikasema mimi ndiye baba. Nilikwenda kwa muuzaji mmoja, nikaona gari ndogo nyeupe inang'aa, makava ya siti mapya, ndani inanukia udi. Mita inasema kilomita elfu 60 na kidogo. Nikazunguka mara moja, nikapiga picha, nikatoa pesa. Sikuita fundi. Niliona aibu kumwambia mtu mzima mwenye ndevu kwamba simuamini.

Wiki ya tatu, mvua za masika, mdogo wangu anakaribia mzunguko wa Amani, akakanyaga breki, pedeli ikazama mpaka chini. Alivuta breki ya mkono, gari ikapanda ukingo wa barabara na kusimama. Alhamdulillah hakuumia yeye wala mtu mwengine. Fundi alipoinyanyua nilikwenda kuangalia. Bomba la breki lilikuwa limeliwa na kutu mpaka limetoboka. Chini ya gari matundu yalikuwa yamezibwa kwa puti na kupakwa rangi nyeusi juu yake, kama mtu anayeshona kiraka juu ya kitambaa kilichooza. Nilirudi kwa muuzaji. Jibu lake: umenunua ulichokiona.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ilipo, na ina pande mbili.

Upande wa kwanza ni kwa wauzaji wetu, ndugu zetu katika imani. Sote tumesomeshwa chuoni kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyorowa juu ili watu waione, na akaambiwa kuwa mwenye kughushi hayumo katika watu wa Mtume. Rangi nyeusi juu ya kutu ni nafaka kavu juu ya nafaka mbichi. Tena sheria yetu imempa mnunuzi haki: akikuta kasoro iliyokuwepo kabla ya kuuziwa, naye alifichwa, anaweza kurudisha mali na kudai pesa yake. Lakini akishaigundua asikae nayo kimya mwezi mzima. "Umenunua ulichokiona" si jibu la Muislamu.

Upande wa pili ni kwetu sisi, na huu ndio mkubwa. Tunatapeliwa kwa sababu tunanunua kwa macho. Muuzaji anajua tunatazama rangi, basi pesa yake anaiweka kwenye rangi. Tungekuwa tunainama kutazama chini, angetengeneza chini.

Jamani, sisi tunajua kukagua! Mpe mwanamke wa Kizanzibari kanga, ataishika, ataikunjua, atatazama pindo, atauliza bei mara tano. Mpe gauni, mtu wa kwanza anayejua kazi atalipindua nje ndani atazame mshono. Kwa nini tukifika kwenye gari tunakuwa wageni? Gari nayo ina ndani na nje. Ipindue.

Kwanza, kutu. Sisi tumezungukwa na bahari, na hewa ya chumvi inakula chuma mchana na usiku. Zaidi ya hapo, gari nyingi tunazotumia zimetoka Japan, na kule mikoa yenye theluji humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Kwa hiyo ipo gari iliyoanza kuliwa kabla ya kupanda meli. Usikubali kununua mpaka imenyanyuliwa na umetazama chini kwa macho yako. Mimi nina sumaku ya kuokotea pini zilizoanguka. Sasa nakwenda nayo kwenye gari. Ifunge kitambaa laini usikwaruze, ipitishe kwenye bodi za chuma. Ikikataa kushika mahali pamoja wakati pembeni yake inashika, chini ya rangi hiyo pana puti, basi uliza gari iligongwa lini.

Pili, injini. Mwambie muuzaji unataka kuikuta ikiwa baridi. Ukifika asubuhi na boneti tayari ina joto, kuna mtu ameiwasha kukufichia kitu. Rudi siku nyengine bila kumpa habari. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando kama chai ya maziwa, huenda maji yameingia kwenye oili, usinunue kabla fundi hajakwambia chanzo chake. Washa. Moshi wa buluu maana yake injini inakunywa oili. Moshi mweupe usiokwisha hata baada ya kupata moto, shaka iko kwenye gasketi ya silinda.

Tatu, breki na tairi. Kanyaga pedeli kwa nguvu uishikilie kwa muda. Ikizama polepole chini ya mguu wako, sema kwaheri. Tairi usitazame meno yake tu. Pembeni zimeandikwa tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na mpira wake umeshazeeka, na kwenye mvua ndiyo itakayokuadhiri.

Nne, mikanda na eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kwenye usukani. Vuta kila mkanda mpaka mwisho, wa nyuma pia, utazame kama umechanika, kisha uushtue ghafla: lazima ukamate. Ukifungua swichi, taa ya eabegi iwake kwenye dashi kisha izime. Isiyozima ni mbaya. Isiyowaka kabisa ni mbaya zaidi, maana inawezekana mtu ameitoa makusudi.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Kampuni ya Japan iitwayo Takata ilitengeneza eabegi zilizowekwa katika mamilioni ya gari duniani, zikiwemo za Toyota, Honda, Nissan na Mazda za miaka ya 2000 na kuendelea. Iligundulika kwamba kemikali iliyomo ndani huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, na eabegi ikifumuka inaweza kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Watu wamekufa. Gari ziliitwa kurudi kubadilishwa, na kampuni yenyewe iliomba kufilisika mwaka 2017. Joto na unyevu, mama zangu! Hiyo ndiyo hewa ya kwetu. Chukua namba ya chesi, mpe kijana wako anayejua mtandao aingie tovuti ya mtengenezaji atazame kama gari hiyo iliitwa na kama ilibadilishwa. Ni kazi ya dakika chache, nayo haina gharama.

Tano, karatasi. Gari iliyonunuliwa mnadani Japan huwa na karatasi ya mnada inayoeleza hali yake na kilomita zake. Daraja likiandikwa R, ujue ilishapata ajali ikatengenezwa. Muuzaji akiwa nayo akuoneshe, na namba ya chesi iliyoandikwa pale ifanane na ya kwenye gari na ya kwenye kadi. Mita inarudishwa nyuma kwa urahisi. Ikisema kilomita elfu 60 na pedeli imesuguka hadi inateleza, amini pedeli.

Mtaniuliza, basi tununue ipi? Nunua ile ambayo fundi wa mtaani kwako anaijua usingizini. Toyota IST, Raum na Probox zimetoka na injini ya 1NZ ya ukubwa wa 1500, na spea zake hazikutembezi mji mzima. Vitz nayo ni ndogo, haili mafuta, inapita vichochoroni. Mtanambia Probox ni gari ya kubebea mizigo, biharusi ataonekana vipi. Ataonekana mzima! Mimi gari yangu ya kazi ni Probox, inabeba majora na cherehani, na haijawahi kunilaza njiani.

Dada mmoja aliniambia, "Mimi namuachia mume wangu, magari ni mambo ya wanaume." Mume ana nafasi yake, kaka ana nafasi yake, waende pia. Lakini atakayekuwa ndani siku ya mvua ni binti. Basi naye awepo siku ya kukagua. Ainame, achafue mikono, ajue kupima oili na maji ya rejeta, ajue kubadilisha tairi mara moja mbele yako kabla hajakabidhiwa ufunguo. Na fundi awe wako, umlipe wewe, asiwe yule aliyesimama pembeni ya muuzaji. Na kwa kuwa mimi ni mshonaji, hili nalo: buibui la kuendeshea gari pindo lake lisifike chini ya kisigino. Nimeshaona pindo limejiviringa kwenye pedeli.

Wapo watakaosema, pesa ya kukagua yote haya inatoka wapi? Inatoka kwenye utepe. Inatoka kwenye rimu za kung'aa na muziki. Ushauri wangu, ukiwa na shilingi 10, ya gari iwe 8. Mbili zilizobaki ni za fundi, tairi, bima na matengenezo ya mwanzo. Na kumbuka bima ndogo inalipa hasara ya uliyemgonga, haitengenezi gari yako.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Tumefika mahali mama anaingia mkopo wa riba ili binti yake asizidiwe na binti wa jirani. Tunaanza safari ya mtoto kwa jambo ambalo Allah ametangaza vita nalo, kisha tunasoma dua ya safari! Kama huna, ngoja. Akusanye, ucheze mchezo na wenzio, uuze bangili moja ukitaka, au uende kwenye benki zenye huduma za Kiislamu uulize murabaha. Daladala haijamuua mtu kwa aibu.

Kuna atakayenambia ajali ni kadari. Kweli ni kadari. Na Mtume wetu (S.A.W.) alimuelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo ategemee kwa Mola wake. Breki ya mwanao ndiyo kamba ya ngamia. Ifunge.

Ile gari nyeupe niliiuza kama chuma chakavu, na mnunuzi nilimuonesha kila tundu. Nilipata hasara, lakini sikutaka dada wa mtu mwengine aikute pale mzunguko wa Amani. Mdogo wangu sasa anaendesha IST ya zamani, rangi imepauka, mlango mmoja una kovu. Siku tuliyokwenda kuinunua alilala chini ya gari dakika kumi, ushungi wake ukajaa vumbi. Muuzaji alicheka. Alipotoka kule chini na kuuliza kwa nini bomba moja lina unyevu, yule bwana aliacha kucheka.

Allah awahifadhi mabinti zetu barabarani, na atupe macho ya kutazama chini. Wabillahi tawfiq.