Hoteli ya San Remo na Jiji Lake

Katika jiji la San Francisco, Marekani, iko hoteli ndogo ya vyumba 62 iitwayo San Remo. Ilijengwa mwaka 1906, mara baada ya tetemeko la ardhi na moto ulioteketeza sehemu kubwa ya mji huo. Wenye hoteli hiyo walishindana na wakuu wa jiji kwa miaka mingi, na shauri lao hatuwezi kulipita kimya, maana miji yetu nayo inakua na majengo ya zamani yanageuzwa matumizi.

Tuanze na haki ya jiji. Hoteli za bei nafuu, ambazo zilikuwa makao ya wazee, walemavu na watu wa kipato kidogo, zilikuwa zikivunjwa au kugeuzwa kuwa za watalii. Kwa hiyo mwaka 1981 ilipitishwa sheria kwamba atakaye kugeuza vyumba vya wakazi kuwa vya watalii sharti atengeneze vingine badala yake, au alipe fedha katika mfuko wa kuhifadhi makao hayo. Shabaha hiyo tunaiunga mkono bila kigugumizi. Mzee afukuzwe chumbani mwake ili mgeni apate pa kulala siku mbili?

Lililotusikitisha ni utekelezaji. Vyumba vilipohesabiwa, hoteli ilikuwa mikononi mwa mtu aliyeikodi, naye akaandika kwamba vyote ni vya wakazi. Wenye mali walisema watalii walikuwa wakilala humo tangu zamani. Karatasi ile ikawafunga. Walipoomba kibali cha kupokea watalii, walitakiwa walipe dola 567,000, wakazilipa mwaka 1996 huku wakipinga.

Mahakamani mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Kwa uamuzi wa mwaka 1985, mtu aliyedai kunyang'anywa mali na jiji alipaswa kutafuta fidia kwanza katika mahakama za jimbo, kabla ya zile za shirikisho. Wakaenda huko, na mwaka 2002 wakashindwa katika Mahakama Kuu ya California kwa kura 4 dhidi ya 3. Waliporudi kwenye mahakama za shirikisho wakaambiwa jambo limekwisha amuliwa, na Juni 20, 2005 Mahakama Kuu ya Marekani ikathibitisha hivyo. Yaani mtu anaambiwa aje kesho, na kesho anaambiwa amechelewa!

Maoni yetu ni kwamba sheria ya kuwalinda wapangaji wanyonge idumu. Lakini vyumba vihesabiwe na mkaguzi aliyevifungua milango, mwenye nyumba akiwapo, na ubishi wake usikilizwe kabla hajatoa senti moja.

Mwaka 2019, katika kesi ya mtu mwingine wa Pennsylvania, Mahakama Kuu ile ile ilifuta sharti la kuanzia jimboni, kwa kura 5 dhidi ya 4. Shauri la San Remo lilikuwa limefungwa miaka 14 kabla ya hapo.