Kaye ya piesi inalinda jina la mtoto

Wazazi wa Lubumbashi, na ninyi familia mliokimbia vita mkafika hapa kwetu, leo nasema juu ya kaye, yaani daftari la kawaida la shule. Maoni yangu ni haya: timu ya wanafunzi wanaotengeneza roboti isifungue hata kartoni moja kabla ya kuwa na kaye ya piesi.

Piesi za roboti ni ndogo na ni ghali. Kadi ya Arduino inaingia mfukoni. Mota ya servo inafichika ndani ya ngumi. Siku moja ikikosekana, watu wanaanza kutazamana, na macho yanajua pa kwenda: kwa mtoto aliyefika juzi kutoka Mitwaba au Pweto, anayelala kwa shangazi yake Ruashi, asiye na viatu vizuri. Hakuna aliyemwona akichukua kitu. Baada ya siku tatu piesi inaonekana chini ya meza, au ndani ya roboti yenyewe. Lakini mtoto amekwisha kuacha kuja, na hakuna anayekwenda kumwomba msamaha.

Kaye ingesema ukweli siku ileile. Ipigwe mistari mitano: jina la piesi, idadi, kartoni inamokaa, aliyeichukua, siku iliyorudi. Wanafunzi wawili wahesabu pamoja kabla ya kufunga mlango, na zamu ibadilike kila juma. Mtoto aliyekimbia vita naye apewe zamu ya kushika ufunguo, sawa na wenzake.

Piesi iliyoungua iandikwe na iwekwe kwenye kartoni yake, sababu skrubu na gia zake zinaweza bado kufaa. Kila betri ya lithiamu ipewe namba. Iliyovimba itengwe na isichajiwe tena, maana inaweza kuwaka moto. Piesi zikibaki mbili, mwalimu aambiwe mapema. Nyingi zinatengenezwa Uchina, na zile zinazopita njia ya barabara zinasubiri zamu yao Kasumbalesa.

Najua wengine watasema: watoto wanakaa chini darasani, wewe unatuletea habari za roboti? Nawaelewa. Lakini kwa mwenye kidogo, kuhesabu ni lazima. Printa mbovu inayotupwa na ofisi ina mota, gia na vyuma ndani yake. Timu yenye kaye inajua inakosa nini, na inakwenda kwa mafundi wa soko ikiwa na jina la kitu mdomoni. Timu isiyo na kaye inanunua mara ya pili kitu ambacho tayari inacho.

Tena, uwezo tunao. Mwaka 2013 Kinshasa iliona roboti zikiongoza magari barabarani, kazi ya mhandisi wa kwetu, mama Thérèse Izay Kirongozi, na wenzake. Na kobalti inayoingia katika betri nyingi za lithiamu, sehemu kubwa ya ile ya dunia inachimbwa Kongo, katika udongo huu wa Katanga. Inaondoka kwetu kabla ya kuwa betri, inarudi kwa dola. Basi betri moja ikifika mikononi mwa watoto wetu, tuitunze.

Maprefe na walimu, nunueni kaye leo, kabla ya kununua mota nyingine. Na wewe mzazi uliyekimbia, mtoto wako akikubaliwa katika timu, usione haya. Nenda shuleni, salimia, kisha uliza: kaye ya piesi iko wapi, na mtoto wangu anasaini kwenye mstari gani? Siku kitu kitakapokosekana, saini hiyo ndiyo itakayomsemea.