Bunduki kuukuu isifungiwe kabatini tu
Wapo wanaoamini kwamba mtu anayekusanya bunduki za kijeshi za kale, na mara mojamoja kuzitumia kulenga shabaha, anatukuza vita. Naona kinyume chake. Chukua Mauser ya 1871, iliyobebwa na askari wengi wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki vita vilipoanza mwaka 1914. Ilipakiwa risasi moja moja ya milimita 11, kwa baruti nyeusi iliyotoa wingu la moshi kila ilipolia, na adui akajua papo hapo mpigaji amelala wapi. Vitabu hulimaliza jambo hilo kwa sentensi moja. Anayeifyatua leo huona moshi ukimziba macho, huhisi kitako kikimsukuma bega, ndipo anapoelewa kwa nini bunduki mpya zilizotekwa kwa Waingereza huko Tanga, Novemba 1914, zilithaminiwa mno. Askari wale walikuwa Waafrika; ni utukufu gani kujua walivyotangulizwa mbele na silaha iliyowafichua?

Hofu ya usalama, hiyo ina msingi. Chuma cha zaidi ya miaka mia huchoka, na baruti ya kisasa yaweza kupasua mtutu usioumbwa kwa nguvu zake. Kwa hiyo fundi aikague kwanza, baruti iwe ya aina ileile ya zamani, na leseni isiwe jambo la kujuana. Pasipo na uwanja wenye usimamizi, ibaki makumbushoni, lakini ikiwa na maelezo ya moshi ule, si jina na mwaka tu.