Picha ya mama isingoje matanga

Safu ya kila juma, na Masika Kahambu

Jumatatu asubuhi nilikuwa katika studio moja ya Beni, mashariki mwa Kongo, nikisubiri picha zangu za pasipoti. Akaingia kijana aliyetoka Mbau kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Akaweka mezani kadi ya kura ya mama yake. "Unikuzie hii, kaka. Tunazika saa nane."

Picha ya kwenye kadi haikuzidi kidole gumba. Fundi akaiingiza katika kompyuta, akaikuza, na kadiri ilivyokua ndivyo uso ulivyopotea: macho yakawa madoa mawili, mdomo ukawa mstari. Ili kuficha kasoro akakikata kichwa, akakipachika juu ya koti jeusi na mkufu wa mwanamke mwingine aliyekuwamo katika kompyuta yake. Kijana aliitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Mama hakuwa na koti." Kisha akalipa, kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda.

Nimeyaona haya mara nyingi mno, na yananiuma. Kwetu kadi ya kura ndiyo kitambulisho, kwa hiyo karibu kila mtu mzima amewahi kupigwa picha walau mara moja: kwenye foleni, jua likiwa utosini, haraka haraka ili anayefuata asogee. Wazee wengi wa Mbau, Oicha na Eringeti hawana nyingine. Waliokuwa nazo waliziacha. Tangu mauaji ya raia yaanze kwetu Oktoba 2014, zipo familia zilizokimbia mara mbili, mara tatu, na anayekimbia usiku hubeba mtoto, godoro na sufuria. Picha hubaki ukutani. Halafu ikaja Ebola. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 iliua watu 2,287, na wengi walizikwa ndani ya mifuko iliyofungwa, ndugu wakiwa wamesimama mbali. Kwa familia isiyokuwa na picha, uso ule ulikwenda moja kwa moja.

Mtu ataniambia siku hizi simu zipo. Zipo, na mama zetu wamo ndani yake, wameinama jikoni au wamekatwa nusu katika picha ya harusi ya mtu mwingine. Simu ikiibiwa, nao wamekwenda. Picha ninayoisemea mimi ni ya karatasi, iliyopigwa kwa ajili yake, akijua, akiwa amejiandaa, kisha akakabidhiwa yeye mwenyewe.

Tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya wazazi nchini kwetu. Asubuhi tunafyeka makaburi, mchana tunarudi nyumbani kuwatunza walio hai: kuku, kitenge, soda. Mwaka jana mimi nilimpa mama mkubwa picha. Siku chache kabla ya sikukuu nilimleta mpiga picha hadi nyumbani kwake Mbau, maana magoti yake hayafiki tena mjini. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Ikala alasiri nzima. Alioga. Alibadili kilemba mara tatu. Alikataa kiti cha plastiki, akataka kigoda alichochongewa na marehemu mume wake. Mpiga picha alipomwomba, "Mama, weka mikono magotini," alimjibu, "Mwanangu, mikono yangu haijawahi kukaa hivyo," akaagiza aletewe ungo wa kakao aliyokuwa anachambua. Ndivyo alivyopigwa: kigoda, ungo, na vidole vilivyogeuka rangi kwa kakao ya miaka mingi.

Nyuma yake tulitundika kitenge chake kwenye ukuta wa udongo. Hata Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alianza na shuka la kitanda chake mwenyewe lenye matamvua, na picha zile leo zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Wengi wa waliokaa mbele ya shuka lile walitaka tu ndugu zao wawaone wamependeza. Asiye na nauli ya kwenda studio asikate tamaa: kitambaa, kivuli cha baraza na mtu mwenye subira vinatosha. Ila atoe nakala mbili, na nyuma ya kila moja aandike jina, mahali na tarehe kwa kalamu isiyofutika. Moja ikae mbali, kwa ndugu, kwa sababu kwetu hujui lini utakimbia tena.

Mama mkubwa aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza mlangoni penye mwanga. Hakusema kitu. Jioni nilimkuta ameifunga katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kura na karatasi za shamba, ndani ya ule mkoba anaolala nao kichwani. Nakala ya pili aliniagiza niipeleke Butembo kwa mdogo wake, ambaye hawajaonana siku nyingi. "Umwambie," alisema, "huyu ndiye mimi."