Chai ya Kijani Haitaki Maji Makali

Nilinunua hapa Gisenyi pakiti ndogo ya chai ya kijani ya Kijapani, iliyolimwa bila dawa wala mbolea za viwandani. Kwa bei yake ningalipata chai nyeusi ya Pfunda ya mwezi mzima. Nikaichemsha sufuriani kama kawaida. Nyumba nzima ikakunja uso kwa uchungu.

Kosa lilikuwa langu. Wajapani huyapitisha majani katika mvuke punde yachumwapo, yasigeuke meusi, nayo huchacha uchungu yakikutana na maji makali. Katika miinuko yetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Yahamishe kikombe hata kikombe mara mbili, yashuke karibu na 75, ndipo uyamimine juu ya majani. Chuja baada ya dakika moja. Sukari, usithubutu!

Jana baba watoto, aliporudi kutoka zamu, aliomba kikombe cha pili.