Rangi ya Nguruwe

Vibao vya baa za Uingereza husifiwa kama sanaa iliyochorwa kwa ajili ya watu wasiojua kusoma: simba mwekundu, waridi na taji, ayala mweupe mwenye mnyororo wa dhahabu shingoni. Sifa hiyo ni ya kweli, ila ni nusu tu. Toleo hili la alama za biashara tunalifungua kwa hoja kwamba kibao kile kilimtumikia mtawala kabla hakijamtumikia mnywaji.

Mwaka 1393 Mfalme Richard II aliamuru kila mpika pombe ya kuuza atundike alama nje, la sivyo pombe yake ichukuliwe. Waonjaji rasmi walitakiwa kujua pa kuingia. Yule ayala mweupe alikuwa nembo ya Richard mwenyewe, na mwenye baa aliyemchora mlangoni alikuwa anajitangaza raia mtiifu. Biashara ni akili. Tatizo, watawala huondoka.

Richard III, mwenye nembo ya nguruwe dume mweupe, aliuawa vitani Bosworth mwaka 1485. Leicester, mji wa jirani, wanasimulia kwamba nyumba ya wageni aliyolala kabla ya vita ilikuwa na nguruwe huyo kwenye kibao, na habari za kifo zilipofika mwenye nyumba akampaka buluu upesi. Nguruwe wa buluu alikuwa wa Earl wa Oxford, kamanda wa upande ulioshinda. Mnyama ni yule yule, pembe zake za mdomoni zile zile. Huenda kisa kimetiwa chumvi, lakini hofu iliyomo si ya kubuni. Henry VIII alipoachana na Papa, baa zenye kichwa cha Papa zikageuka kuwa za kichwa cha Mfalme. Charles II naye alijificha mtini, juu ya mwaloni wa Boscobel, mwaka 1651; aliporudi kutawala mwaka 1660, mialoni ikajaa milangoni mwa baa.

Ashbourne, huko Derbyshire, kuna kibao kinachovuka barabara kutoka upande mmoja hadi wa pili. Juu yake kilikaa kichwa cha mtu mweusi, cha kuchongwa, mpaka kiliposhushwa Juni 2020. Mwaka uliofuata kampuni ya Greene King ikabadili majina ya baa zake nne, tatu kati yake zikiitwa Black Boy. Wapo waliolia kwamba historia inafutwa. Kilio hicho kingekuwa na uzito kama vibao hivi vingewahi kuachwa bila kuguswa. Vimepakwa upya kila mamlaka ilipobadilika, na wenye baa hawakungoja kuambiwa mara mbili. Kilicho kigeni safari hii ni kwamba rangi imebadilishwa kwa ajili ya watu wasio na jeshi wala taji.