Fundi wa Gesi: Kadi Yake Isomwe Pande Zote Mbili

Kazi nyingi za ufundi hujishitaki zenyewe. Mlango uliopachikwa upogo haufungiki, paa lililoezekwa kwa pupa huvuja mvua ya kwanza, na ukuta usiopimwa kwa timazi huonekana hata na mpita njia. Ndiyo maana wazee walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa useremala na uashi msemo huo una kweli kubwa, lakini kwa kazi ya gesi hautoshi hata kidogo. Boila ya gesi iliyofungwa vibaya huweza kuchemsha maji, ikaeneza joto katika vyumba vyote na kumpendeza mwenye nyumba kwa miezi mingi, ilhali wakati huohuo inatoa sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha.

Hapa ndipo ulipo ugumu wa kumchagua fundi wa gesi. Mteja anatakiwa kununua kazi ambayo hana uwezo wa kuihukumu kwa macho yake. Pale ambapo jicho la mteja halifiki, jamii haina budi kuweka orodha ya mafundi waliopimwa, iliyo wazi kwa kila mtu. Aidha, orodha hiyo haitakuwa na manufaa yoyote iwapo wananchi hawakufundishwa kuisoma. Nchi ya Uingereza, ambako nyumba nyingi hupashwa joto kwa gesi, ina historia ndefu ya jambo hili, nayo yafaa kuchunguzwa na walimu na wanafunzi wa Afrika Mashariki.

Moto na hewa

Katika nyumba ya kawaida ya Uingereza, boila hutundikwa ukutani jikoni au chumbani. Ndani yake gesi huungua na kupasha maji. Pampu huyasukuma maji hayo ya moto katika mabomba hadi kwenye rejeta zilizofungwa katika kila chumba. Na hewa iliyokwisha kuungua hutolewa nje kwa bomba la moshi. Mfumo huu ni rahisi kuueleza, lakini usalama wake unategemea kipimo kimoja, yaani uwiano kati ya gesi na hewa.

Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani. Kila molekuli moja ya methani huhitaji molekuli mbili za oksijeni ili iungue kabisa na kutoa kaboni dioksaidi na mvuke wa maji. Kwa kuwa oksijeni ni karibu sehemu moja tu katika sehemu tano za hewa, mita moja ya ujazo ya gesi huhitaji karibu mita 10 za ujazo za hewa. Tundu la kuingizia hewa likizibwa, bomba la moshi likiachana kwenye kiungo, au kichomeo kikijaa vumbi, hewa hupungua. Hapo kaboni hupata nusu tu ya oksijeni iliyostahili, na badala ya kaboni dioksaidi hutokea kaboni monoksaidi.

Gesi hiyo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anayeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, akadhani ameshikwa na mafua. Dalili zikipungua kila anapotoka nje ya nyumba, na kurudi kila anapoingia, sababu imo ndani ya nyumba. Wakazi wa nyanda za baridi kama Njombe au Limuru wanaijua hatari hii kwa sura nyingine: jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku na mlango kufungwa ili joto lisitoke. Jiko ni tofauti, lakini kemia ni ileile.

Hatari ilivyohama

Kwa zaidi ya karne moja nyumba za Uingereza zilitumia gesi iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe. Gesi hiyo yenyewe ilikuwa na kaboni monoksaidi ndani yake, hata koki iliyoachwa wazi bila moto iliweza kuua. Baada ya gesi asilia kupatikana chini ya Bahari ya Kaskazini, nchi iliamua kubadili mfumo wake wote. Kazi hiyo ilifanywa kati ya mwaka 1967 na 1977, nyumba kwa nyumba, na vifaa vipatavyo milioni 40 vilirekebishwa au kubadilishwa, kwa sababu kichomeo cha gesi ya makaa hakifai kwa methani.

Mabadiliko hayo yana funzo ambalo aghalabu husahauliwa. Methani haina sumu ya kaboni monoksaidi. Sumu hiyo huzaliwa ndani ya nyumba, wakati wa kuungua, pale ambapo kazi ilifanywa vibaya au kifaa hakikutunzwa. Yaani sumu iliyokuwa imo katika gesi yenyewe sasa inategemea mkono wa fundi. Kadiri gesi ilivyokuwa safi, ndivyo ustadi wa anayeifunga ulivyozidi kuwa jambo la uhai na kifo.

Hatari ya pili, yaani mlipuko, ilijidhihirisha tarehe 16 Mei 1968 katika jengo la Ronan Point, mashariki mwa London. Jengo hilo la ghorofa 22 lilikuwa jipya kabisa. Gesi iliyovuja katika ghorofa ya 18 ililipuka alfajiri, na pembe moja ya jengo ikaporomoka tangu juu hadi chini. Watu 4 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba kuta za jengo hazikuunganishwa kwa uimara wa kutosha, lakini chanzo cha gesi iliyovuja kilikuwa nati moja ya shaba isiyofikia kiwango, iliyounganisha jiko na bomba. Kifaa kinachotosha kushikwa kwa vidole viwili kilitosha kuanzisha maafa.

Baada ya tukio hilo, mwaka 1970, kulianzishwa orodha ya mafundi wa gesi iliyojulikana kwa jina la CORGI. Mwanzoni fundi alijiandikisha kwa hiari yake. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kutambua kwamba hiari haitoshi, kwa kuwa fundi asiye na ujuzi ndiye hasa asiyejiandikisha. Mwaka 1991 kujiandikisha kukawa sharti la sheria. Tarehe 1 Aprili 2009, katika England, Scotland na Wales, nafasi ya CORGI ilichukuliwa na orodha iitwayo Gas Safe Register. Leo anayefanya kazi ya gesi nyumbani mwa watu kama ajira au biashara bila kuwamo katika orodha hiyo anavunja sheria.

Maandishi ya mbele na ya nyuma

Kila fundi aliyeandikishwa hupewa kadi. Upande wa mbele kuna picha yake, namba ya leseni na tarehe ya kuanza na kwisha kwa kadi. Mteja anaweza kuihakiki namba hiyo kwa simu au kwa mtandao kabla fundi hajafungua hata skrubu moja. Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Upande wa nyuma umeorodheshwa aina za kazi ambazo fundi huyo amepimwa na kuthibitishwa kuzifanya: boila, majiko ya kupikia, vipasha joto vya ukutani, na kadhalika. Fundi anaweza kuwa halali kabisa kwa jiko na asiwe halali kwa boila.

Mgawanyo huo umetokana na maumbile ya gesi zenyewe. Propani, ambayo hutumiwa katika mitungi na matangi ya mashambani, huhitaji molekuli tano za oksijeni kwa kila molekuli moja. Mita yake moja ya ujazo hutaka hewa ipatayo mita 24 za ujazo, na hutoa joto takriban mara mbili na nusu ya lile la gesi asilia. Kichomeo chenye kitundu cha methani kikipewa propani, gesi huzidi hewa. Mwali wa buluu huwa wa manjano, masizi hujikusanya, na kaboni monoksaidi huzalishwa. Tena, uzito wa molekuli ya methani ni 16, wa hewa kwa wastani ni 29, na wa propani ni 44. Methani inayovuja hupanda juu. Propani hushuka na kutuama sakafuni kama maji. Fundi aliyezoea gesi moja tu huweza kuitafuta nyingine mahali isipokuwapo.

Jina la kazi nalo lisimdanganye mtu. Waingereza humwita fundi wa gesi kwa neno lilelile wanalomwitia mhandisi, na sheria yao haimzuii mtu yeyote kujiita hivyo. Kinachozuiwa ni kugusa gesi bila kuandikishwa. Vivyo hivyo, fundi bomba hodari wa maji si fundi wa gesi. Maji yanayovuja hulowesha ukuta na kujitangaza. Gesi inayovuja haitoi tangazo ila harufu iliyotiwa makusudi, na kaboni monoksaidi haitoi tangazo lolote.

Mteja aliyekwisha kuisoma kadi ana haki ya kuangalia pia namna kazi inavyofanywa. Kanieneo ya gesi katika nyumba za Uingereza ni ndogo, ipatayo sentimita 21 za maji, na fundi huweza kuipima kwa manometa yenye umbo la U, chombo kilekile kilichomo katika maabara za shule. Huyajaza mabomba kwa kanieneo ya namna hiyo, hufunga koki, husubiri itulie, kisha huangalia kwa dakika 2 kama usawa wa maji unashuka. Boila inapowashwa, huingiza chombo kingine katika njia ya moshi na kupima uwiano wa kaboni monoksaidi na kaboni dioksaidi. Fundi anayeondoka bila kupima lolote ameacha nyuma yake matumaini tu. Kwa wapangaji, miongoni mwao Waswahili wengi wanaoishi Uingereza, kanuni za mwaka 1998 zinamlazimu mwenye nyumba kuvikaguza vifaa vyake vya gesi kila baada ya miezi 12 na kumpa mpangaji nakala ya taarifa ya ukaguzi. Mpangaji aidai bila haya.

Hoja za upande wa pili

Wapo wanaosema kwamba karatasi haimfanyi mtu kuwa fundi, na kwamba mzee aliyefanya kazi miaka 30 anajua zaidi ya kijana mwenye cheti. Hoja hiyo ina ukweli kwa sehemu. Kadi haihakikishi kwamba kazi ya leo itafanywa vema. Inathibitisha tu kwamba mwenye kadi amepimwa. Lakini uzoefu usiopimwa nao huweza kuwa uzoefu wa kurudia kosa moja kwa miaka 30, kwa kuwa kosa la gesi halionekani na hivyo halimfundishi aliyelitenda. Kwa sababu hiyo mafundi wa Uingereza hutakiwa kupimwa upya kila baada ya miaka 5. Mzee mwenye ujuzi wa kweli hatapoteza kitu kwa kupimwa.

Wengine hulalamikia gharama, na ni kweli kwamba fundi aliyeandikishwa hudai zaidi. Mwenye nyumba afanye vema kuomba bei kwa mafundi kadhaa na kuzilinganisha. Hata hivyo mpangilio wa maswali una maana: kwanza kadi, kisha bei. Anayeanza na bei amekwisha kumchagua fundi kabla ya kujua kama anamchagua fundi.

Somo kwa Afrika Mashariki

Nyumba za Dar es Salaam hazina haja ya boila za kupasha vyumba joto. Lakini gesi imekwisha kuingia jikoni. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikifika Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na baadhi ya nyumba za jiji hilo na za Mtwara zimeunganishwa kwa mabomba. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa Tanzania, wa mwaka 2024 hadi 2034, unalenga kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Lengo hilo ni jema, kwani moshi wa kuni na mkaa umeumiza mapafu ya wengi. Lakini kila mtungi unaoingia nyumbani hufungwa na mkono wa mtu, na mara nyingi mkono huo ni wa kijana wa duka aliyeuleta kwa pikipiki. Uingereza ilipata orodha yake baada ya jengo kuanguka. Si lazima kila nchi ifuate mpangilio huo.

Haitoshi kwamba vibali vya mafundi vimehifadhiwa katika jalada la ofisi fulani. La kuuliza ni kama mama wa nyumba, akiwa amesimama mlangoni na fundi mbele yake, anaweza kwa muda wa dakika tano kujua kama mtu huyo amepimwa, na kwa kazi ipi. Orodha isiyoweza kujibu swali hilo haimlindi yeyote.

Wajibu wa shule nao ni mkubwa. Mwalimu wa kemia anaweza kuwataka wanafunzi wakokotoe hewa inayohitajiwa na propani na butani. Mwalimu wa fizikia awaonyeshe manometa na kuwaeleza kwa nini tundu la kupitisha hewa liwekwe chini pale penye mtungi. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo hatakuwa fundi, wala haifai ajaribu kufungua mabomba ya kwao. Ila siku fundi atakapobisha hodi, atakuwapo ndani ya nyumba mtu mmoja anayejua la kumwuliza, na atakayeigeuza kadi yake na kuusoma upande wa nyuma.